“Ngoja Nizunguke Kwanza”: Mwongozo Kamili wa Jinsi Mteja Anavyoamua Kununua, na Mahali Duka Linapompoteza

Hakuna muuza duka wa Kariakoo asiyeijua sentensi hii. Mteja ameishika blenda, ameigeuza chini juu, ameuliza bei mara mbili, kisha anairudisha taratibu kwenye rafu: “Sawa, ngoja nizunguke kwanza, nitarudi.” Harudi. Muuzaji anaamini bei ndiyo iliyomkimbiza, na kesho yake anapunguza 5,000. Mauzo yanabaki palepale. Kilichopungua ni faida.

Mteja aliyefika hatua ya kukishika kitu na kukigeuza ameshakubali kwamba anakitaka, na mara nyingi hela yake ipo au inakaribia. Kinachomzuia ni hofu: hofu ya kuuziwa feki, ya kuambiwa nyumbani kwamba amepigwa, ya kuikuta bidhaa hiyohiyo kwa bei ya chini duka la tatu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hofu, na bei inafuata. Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni duka la vifaa vya umeme vya nyumbani: blenda, pasi, feni, majagi ya umeme. Bei zote ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania, weka zako.

Hatua ya 1: Andika walioondoka

Wenye maduka wengi wana daftari la mauzo. Wachache wana daftari la wasionunua, na huko ndiko majibu yaliko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja vilevile.

Chukua daftari la kawaida, lipige mistari upate safu sita: saa, aliulizia nini, alikishika au hakukishika, aliambiwa bei gani, alinunua au la, maneno yake ya mwisho kabla ya kutoka. Jaza kwa siku 14 mfululizo, pamoja na wikiendi. Safu ya sita iandikwe kama alivyosema, neno kwa neno. Ukiandika “alisema ghali” wakati alisema “mh, ngoja nimuulize mume wangu”, umeharibu kazi yote.

Baada ya wiki mbili soma daftari ukitafuta pale watu wanapokatikia. Wakisimama mlangoni, wakaangalia, wakapita, tatizo ni la mbele ya duka: giza, mzigo umejazana, au hakuna bei hata moja inayoonekana. Wakiuliza bei na kuondoka bila kushika kitu, bei ilitajwa kabla mteja hajajua inalipia nini. Wakishika, wakauliza maswali matatu au manne, kisha wakaenda “kuzunguka”, hiyo ni hofu, nenda Hatua ya 4. Na kama wengi wanasema watarudi na mtu, basi umekuwa ukimhubiria asiyeamua.

Hatua ya 2: Jua nani anaamua, na amefika wapi

Vitabu vya masoko hugawa safari ya mnunuzi katika vituo vitano: kuona upungufu, kutafuta habari, kulinganisha, kununua, kisha kujipima baada ya kununua. Mpangilio huo ulienezwa na Engel, Kollat na Blackwell, wasomi wa Marekani, mwaka 1968. Ni ramani nzuri, lakini usidhani kila mteja anapita vituo vyote mbele yako. Anayeingia duka la vifaa vya umeme kwa kawaida ameshaamua nyumbani kwamba anataka blenda. Ambacho hajaamua ni ipi na kwa nani.

Herbert Simon, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha jambo linalomsaidia sana muuzaji. Watu hawatafuti kilicho bora kupita vyote. Wanatafuta mpaka wakutane na kinachotosha, kisha wanasimama. Kazi ya muuzaji, basi, haihitaji kumthibitishia mteja kwamba blenda hii inashinda zote za mtaa mzima. Mpe sababu za kutosha ili atulie, maana akishatulia, kuzunguka kunakuwa usumbufu kwake.

Tenganisha pia watu watatu ambao mara nyingi ni mmoja lakini si kila mara: anayenunua, anayelipa na atakayetumia. Kijana ametumwa na mama yake. Dada anatumiwa hela na kaka aliye Mwanza. Mume analipa lakini jikoni haingii. Swali moja linatosha kulijua hilo: “Ni yako mwenyewe au umeagizwa?” Akisema ameagizwa, usimkazie yeye. Mwambie apige picha, apige na ya kibandiko cha bei, amtumie mwenyewe papo hapo kwa WhatsApp. Maduka yanayokataza kupiga picha kwa kuogopa washindani yanamfukuza mtu ambaye alikuwa na idhini moja tu ya kuomba.

Anayenunua zawadi ya kichen pati ni mteja wa aina nyingine kabisa. Yeye haulizi wati wala uimara wa kisu. Anataka boksi kubwa lisilokunjamana, rangi inayopendeza na jina linalotambulika ukumbini, kwa sababu zawadi itaonekana mbele ya watu. Kumweleza nguvu ya mota ni kumchosha. Mfungie vizuri, mwandikie kadi, mwambie bibi harusi akiwa na tatizo alete boksi na risiti.

Hatua ya 3: Panga bei ya kwanza anayoiona

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo msomaji wa Afrika atalitabasamia. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, gurudumu lililotengenezwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65 tu. Kisha wakauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Makisio ya kati ya waliopata 10 yalikuwa asilimia 25. Ya waliopata 65 yalikuwa asilimia 45. Namba isiyohusiana kabisa na swali iliwavuta. Bei ya kwanza dukani inafanya kazi hiyohiyo, tena kwa nguvu, kwa sababu yenyewe inahusiana.

Kwa vitendo: bidhaa ya kwanza ambayo macho yanakutana nayo isiwe ile ya bei ya chini kabisa. Ukiweka blenda ya 45,000 mlangoni, ya 80,000 iliyoko ndani itaonekana ghali. Mteja akianza kuiona ya 130,000, ileile ya 80,000 inaonekana ya wastani. Ya 45,000 ibaki, lakini isiwe ndiyo inayomkaribisha.

Bei iandikwe. “Bei njoo inboksi” kwenye mitandao, au kibandiko kisicho na namba dukani, humwambia mteja kwamba bei itategemea viatu alivyovaa. Wapo wanaosema bei ikifichwa mteja atalazimika kuongea. Ataongea, lakini na duka la jirani.

Palipo na mazoea ya kupatana, bei ya kuanzia iwe juu ya bei ya mwisho kwa asilimia 10 hadi 15, isizidi. Kama utakubali 80,000, anza 90,000. Ukianza 140,000 ukaishia 80,000, mteja haondoki akifurahi kuokoa 60,000. Anaondoka akijiuliza kama ingefika 60,000. Ukiwa unafanya kazi na mawinga (madalali wanaokuletea wateja kwa malipo), lielewe hili zaidi. Winga akimleta mteja huku kichwani ameshaweka cha juu (nyongeza yake mwenyewe), mteja anakutana na bei yako ikiwa imevimba, na anayelaumiwa ni duka. Kubalianeni kamisheni ya kiasi kinachojulikana, na bei ibaki ile iliyo kwenye kibandiko.

Namna ya kushuka nayo inasema kitu. Anza 90,000, shuka 85,000, kisha 82,000, kisha 80,500, halafu 80,000. Hatua zinazopungua zinamwonyesha mteja kwamba kisima kinakauka. Ukishuka 5,000 kila anapoguna, umemfundisha kuguna. Na usishuke bure: kila punguzo liombe kitu, achukue mbili, au alipe sasa hivi.

Bei zinazoishia na 9 zinafanya kazi, lakini angalia sarafu. Eric Anderson na Duncan Simester walichapisha mwaka 2003 majaribio ya katalogi za nguo Marekani ambamo gauni la dola 39 liliuzika kuliko likiwekwa dola 34. Supamaketi za Kenya hutumia 999 bila shida kwa sababu sarafu ya shilingi moja ipo. Dar es Salaam bei ya 79,999 ni kituko. Hakuna wa kurudisha shilingi moja, na mteja akipewa pipi badala ya chenji anakumbuka pipi, hakumbuki punguzo. Andika 79,500 na weka mia tano za kutosha kwenye droo tangu asubuhi.

Kuhusu idadi ya chaguo, kuna jaribio maarufu la Sheena Iyengar na Mark Lepper, la mwaka 2000, katika duka moja la California. Meza yenye jemu za aina 24 iliwavuta wapita njia asilimia 60, ila walionunua miongoni mwa waliosimama walikuwa asilimia 3. Meza ya aina 6 iliwavuta asilimia 40, na asilimia 30 yao walinunua. Usilichukue kama sheria. Mwaka 2010 watafiti walipokusanya majaribio mengi ya aina hiyo waliona kwamba, kwa wastani, athari inakaribia sifuri. Wingi unaumiza pale mteja asipojua anachotaka na bidhaa zikifanana. Blenda ziko hivyo hasa: zote zina jagi, kisu na vitufe.

Kwa hiyo rafu ya mbele iwe na tatu. Ya 45,000 yenye jagi la plastiki. Ya 80,000 yenye jagi la glasi na kikombe kidogo cha kusagia viungo. Ya 130,000 yenye mota kubwa ya kusagia barafu. Chini ya kila moja weka kadi yenye mistari miwili, isizidi: inafaa kwa nani, haifai kwa kazi gani. Nyingine zikae ndani, zitolewe zikiulizwa. Watu wengi wasiojua bidhaa hukimbilia ya katikati, jambo ambalo mtafiti Itamar Simonson alilieleza mwaka 1989: ya katikati ni rahisi kujitetea nayo. Mteja akifika nyumbani anaweza kusema hakuchukua ya ovyo wala hakuchezea hela. Ila hiyo ya juu iwepo kweli stoo. Siku mwenye mgahawa akiitaka ukaanza kusema “imeisha jana”, kila aliyepo dukani atajua ilikuwa pambo.

Hatua ya 4: Ondoa hofu kabla ya kugusa bei

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kahneman na Tversky, katika kazi yao ya mwaka 1979, walionyesha kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha. Kipimo walichokitoa mwaka 1992 ni kama mara mbili na robo. Mteja anayefikiria blenda ya 80,000 hapimi juisi dhidi ya 80,000. Anapima juisi dhidi ya uwezekano wa kubaki na dude lililokufa baada ya wiki, na uzito wa pili unazidi. Kumpunguzia 5,000 hakugusi uzito huo. Wakati mwingine kunauongeza: mbona ameshuka haraka hivyo?

Linganisha gharama. Blenda umeinunua jumla kwa 62,000, unauza 80,000, faida 18,000. Ukishuka hadi 75,000 faida inakuwa 13,000. Ili kupata kile ulichokuwa unapata kwa blenda 10, sasa lazima uuze 14. Upande wa pili, toa dhamana ya kubadilishiwa ndani ya siku 14. Tuseme kati ya blenda 40 mbili zinarudi zikiwa zimekufa kabisa, na msambazaji wako anakataa kuzipokea. Umepoteza 124,000, ambayo ukiigawa kwa 40 ni 3,100 kwa kila moja. Dhamana imekuwa rahisi kuliko punguzo, nayo ndiyo inayogusa kile kinachomtisha mteja.

Kwa hiyo lile bango la “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi” litolewe leo. Linakukinga na wakorofi wachache huku likimwambia kila mwaminifu kwamba hata mwenye duka haiamini bidhaa yake. Weka jingine lenye masharti yanayoeleweka: siku ngapi, alete nini (risiti na boksi), nini hakihusiki (kuanguka, kuungua kwa kuwashwa bila kitu ndani). Sharti lisiloandikwa ndilo linalozaa ugomvi, na biashara haigombi.

Kisha jaribu kifaa mbele yake. Wauza taa wanalijua hili tangu zamani. Hakuna anayetoka na balbu ambayo haijawekwa kwenye holda ikawaka. Kwa blenda fanya hivi:

Mwonyeshe kibandiko kilicho chini ya kifaa, asome mwenyewe 220–240V. Vifaa vilivyotengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa volti 120, vikichomekwa hapa huungua. Kisha tia maji nusu lita kwenye jagi, kamwe usiwashe likiwa tupu. Washa spidi ya kwanza kwa sekunde 5, ya pili kwa sekunde 5, zima. Nyanyua jagi, pitisha tishu kavu chini yake na kwenye kitako. Mpe mteja aishike hiyo tishu. Kama ni kavu, hoja imejimaliza bila neno. Kama imelowa, mara nyingi pete ya mpira imekaa upande au kitasa cha chini hakijakazwa. Irekebishe mbele yake, na umwonyeshe namna ya kuikaza. Hapo umeondoa lalamiko moja kubwa la baadaye, “inavuja”, ambalo mara nyingi si ubovu wa mashine hata kidogo.

Siku umeme ukikatika, mauzo ya vifaa hivi hufa mpaka jioni. Inveta ndogo haitamudu pasi, ila blenda ya nyumbani na feni itazimudu. Angalia wati zake kabla ya kununua. Usiyemudu inveta, andika kwenye risiti: “haijajaribiwa, irudishwe siku yoyote ndani ya 14 ikishindwa kuwaka.”

Jambo jingine: taja upungufu wewe mwenyewe. “Hii haisagi karanga kavu, utaiua mota.” Wauzaji wapya huogopa sentensi kama hiyo. Lakini mteja akisikia muuzaji anamkataza jambo, anaanza kuyaamini na yale anayomsifia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sifa zisizo na doa zinasikika kama za kitembezwacho.

Hatua ya 5: Maneno ya kaunta

Sikiliza mazungumzo haya, ya aina inayotokea kila siku:

“Hii shilingi ngapi?”
“Karibu dada. Ya nyumbani au ya biashara ya juisi?”
“Nyumbani tu. Juisi, na pilipili kidogo.”
“Basi hii ya 80 inakutosha. Hiki kikombe ndicho cha pilipili, jagi halitashika harufu. Ya 130 ni ya anayesaga barafu kutwa, usiichukue.”
“Mh. Ghali kaka. Nimeona ya 70 kule nyuma.”
“Inawezekana kabisa. Ilikuwa ya jagi la glasi?”
“Hilo sikuangalia.”
“Ukipita tena, iangalie hiyo, na waombe waiwashe na maji. Ngoja nikuwashie hii uone.”

Muuzaji huyu alijibu swali la bei kwa swali la matumizi, ila hakuificha. Ilikuja kwenye sentensi iliyofuata. Alimwondoa mteja kwenye bidhaa ya ghali zaidi. Na hakumkana jirani. Angesema “hiyo ya 70 ni feki”, angelazimika kuthibitisha asichokiona. Badala yake alimpa mteja vipimo viwili vya kubeba, glasi na maji, na sasa hata akizunguka anazunguka akiwa na kipimo cha duka hili mkononi.

Neno “ghali” lina maana zaidi ya moja. Pengine hana hela leo. Pengine ameona pengine kwa chini. Pengine haoni tofauti kati ya hii na ya 45,000. Au siye mwamuzi. Au anafungua tu mazungumzo, kama desturi inavyotaka. Usishuke kabla ya kuuliza: “Ghali ukilinganisha na ipi, mama?” Akitaja duka, linganisha vitu. Akitaja ya 45,000, mweleze tofauti moja tu, ile inayogusa matumizi aliyoyasema. Akinyamaza au akiangalia pochi, ni hela, nenda hatua inayofuata. Mwenye umri mwamkie kwanza. “Shikamoo mama” haigharimu kitu, na mzazi aliyerukwa salamu atakuadhibu kwa kutonunua bila kukwambia kosa.

Hatua ya 6: Punguza maumivu ya kulipa

Kuhesabu noti kunauma kuliko kubofya simu. Drazen Prelec na Duncan Simester walionyesha mwaka 2001, kwa mnada wa tiketi za mpira wa kikapu huko Marekani, kwamba watu walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hata mara mbili ya waliotakiwa kulipa taslimu. Kwetu tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 simu imechukua nafasi hiyo, lakini ina mwiba wake: makato. Mteja aliyekubali 80,000 akaambiwa “weka na ya kutolea” anahisi bei imepanda baada ya kukubaliana. Tumia lipa namba (namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu), ibandike pale macho yanapofika, na gharama yoyote iwe imeshamezwa na bei.

Richard Thaler, mshindi wa Nobel mwaka 2017, alieleza kwamba watu hugawa hela kwenye mafungu kichwani, na hawapendi kuyachanganya. Kwetu mafungu hayo yana majina kabisa: hela ya ada, hela ya kodi, hela ya mchezo (upatu), hela ya kikoba. Januari mzazi anaweza kuwa na laki tano mfukoni na asiwe na senti ya blenda, kwa sababu shule zinafunguliwa. Usipoteze nguvu mwezi huo. Uza pasi na taa za kusomea. Wiki mbili kabla ya Ramadhani hadi katikati yake, blenda zisogee mbele, juisi ya futari inazitafuta zenyewe. Waajiriwa wanapatikana kuanzia tarehe 25 hadi 5. Anayepokea zamu yake ya mchezo anakuja na hela nzima kwa siku moja. Akikwambia tarehe yake, iandike.

Kwa asiye na hela nzima, weka utaratibu wa kulipa kidogo kidogo huku bidhaa ikibaki dukani. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza taa za sola Kenya mwaka 2012, watu walitoa amana na kisha shilingi 40 za Kenya kwa siku kwa mwaka mmoja. Jumla yake ilikuwa kiasi ambacho wengi wasingekitoa kwa mkupuo, lakini 40 ilikuwa inalingana na mafuta ya taa waliyokuwa wakinunua kila jioni. Fungu lilikuwepo tayari. Hakuna jipya lililofunguliwa. Kwa blenda ya 80,000: amana 20,000, kisha 2,500 kwa siku kwa siku 24. Andika kadi mbili, moja yake na moja yako, sahihi kila malipo. Andika pia tangu mwanzo nini kinatokea akishindwa: arudishiwe chote, au chote isipokuwa kiasi fulani. Bidhaa iandikwe jina lake na isiuzwe kwa mwingine. Ukifanya hivyo mara moja mtaa mzima utasikia. Kumkopesha kifaa akaondoka nacho ni jambo tofauti. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hatua ya 7: Siku tatu baada ya kununua

Mwanasaikolojia Leon Festinger, mwaka 1957, alieleza usumbufu anaoupata mtu akiwa na mambo mawili yanayopingana kichwani. Mnunuzi wa kitu kikubwa anakuwa nao usiku uleule: nimenunua, na bado sina hakika. Hapo anatafuta wa kumwambia amefanya vizuri, au anakutana na jirani wa kumwambia amepigwa.

Omba namba yake kwa ruhusa, ukimwambia ni ya dhamana. Siku ya tatu mtumie ujumbe mmoja: “Habari dada, blenda inaendeleaje? Kumbuka isiwashwe zaidi ya dakika moja mfululizo, ipumzike kidogo ndipo uendelee. Ikisumbua, ilete na risiti kabla ya tarehe 18.” Usiongeze tangazo. Ujumbe huu unakamata tatizo likiwa dogo, na unamthibitishia kwamba dhamana haikuwa maneno ya kaunta. Ukianza kumtumia ofa kila Jumatatu, atakufungia.

Kitu cha kutokufanya hata kama kinauza: “zimebaki mbili tu” wakati stoo zimo thelathini, au kukata kwa mstari bei ya zamani ambayo haikuwahi kuwepo. Mbali na kwamba Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Kenya ya mwaka 2012 zinakataza kumpotosha mnunuzi, mteja akipita wiki ijayo akazikuta “mbili” zilezile, hofu yote uliyoiondoa kwenye Hatua ya 4 inarudi, na safari hii ina ushahidi.

Hatua ya 8: Badilisha kimoja, pima wiki mbili

Usifanye yote haya kwa pamoja, hutajua lipi lilisaidia. Rudi kwenye daftari la mwanzo. Kama wengi walikatikia baada ya kushika, anza na jaribio la maji na bango la dhamana, bei usiiguse. Jaza daftari siku 14 nyingine, zilizo kwenye sehemu ileile ya mwezi. Wiki ya mishahara hailinganishwi na wiki ya tarehe 15.

Linganisha walionunua kwa kila walioulizia. Tuseme mwanzo walikuwa 9 kati ya 60, sasa ni 11 kati ya 60. Hiyo inaweza kuwa bahati tu, usiishangilie; endelea wiki mbili zaidi. Wakiwa 20 kati ya 60, kuna kitu. Usipopata hata mmoja wa ziada baada ya wiki nne, rudi kwenye safu ya sita usome maneno ya mwisho upya, kwa sauti, ukiwa na mtu asiyefanya kazi dukani. Mara nyingi ndiye anayeuliza, “Mbona watu watano wamesema hawasikii kwa sababu ya spika?”